Upande wa Nne

Kati ya kinyozi na fundi viatu kuna benchi moja, mbao zake zimeng'aa kwa kukaliwa kuliko kwa randa, na mguu mmoja umewekewa kipande cha tairi usiyumbe. Hapo ndipo dunia hutengenezwa kila alasiri, ikaharibika tena wenyewe wakiwa wamelala, ikaletwa kesho yake. Mafundi wake ni wanne. Wembe ni kinyozi, na hutoka nje kila asipokuwa na kichwa cha kunyoa. Vichwa siku hizi ni haba. Soli ni fundi viatu, mwenye benchi, mwenye jiko na mwenye birika la kahawa, kwa hiyo hakuna anayethubutu kumkatiza sana. Yule wa tatu wanamwita Hakimu, ingawa kule mahakamani alikuwa mtu wa kufungua milango na kuita majina ya watu. Alipostaafu aliondoka na sauti yote ya kule, na sasa anatoa hukumu bure. Wa nne ni Spana, fundi magari mstaafu, mwenye vidole vinene kama mihogo na maneno machache. Huyu mwaka huu ameanza kushona.

Tena siyo kushona vifungo. Anashona kule kwa kuchomoa nyuzi: unachukua kitambaa kizuri, kizima, hakijakosea mtu, unachomoa nyuzi kadhaa za upande mmoja, halafu zile zilizobaki zimesimama zenyewe kama nondo za dirisha, unazifunga mafungu mafungu kwa sindano mpaka unapata mstari wa matundu yaliyopangika. Mara ya kwanza kijiwe kilipoelezwa habari hiyo, Wembe alimgusa Spana paji la uso kuona kama ana homa.

Sababu waliijua wote. Kazi hiyo ni ya mkewe. Kila meza ya ndugu na jirani ina kitambaa chake, na mwaka huu alikuwa anashona kimoja cha kwake mwenyewe, cheupe, kikubwa, cha meza ya kulia chakula. Pande tatu zilikuwa zimekamilika. Ndipo kiharusi kikampitia, kikamwachia ulimi wake na akili zake zote, ila mkono wa kulia ukalala. Spana akakikunja kitambaa, akakitia kikapuni, kikapu akakipandisha juu ya kabati ili kisimtie mama wa watu uchungu. Kisha akachana shuka kuukuu na kuanza kujifunza kijiweni, mkewe asijue, akiazimia kuumalizia upande wa nne.

Alijifunza kwa kuharibu. Shuka la kwanza alikata uzi kwenye ukingo, huku na huku, akauvuta wote kama mtu anayechomoa waya wa klachi, na pindo zima likamfumukia mikononi. La pili alivuta nyuzi kwa koleo. Ilipita miezi ndipo akaelewa kwamba uzi hukatwa katikati, ukavutwa taratibu kila upande mpaka kwenye kona, na mkia wake ukarudishwa ndani ya kitambaa kwa sindano ili usitoke. Upana wa mstari alikuwa anaupima kwa kile kipimo chembamba cha bati cha kupimia plagi, na hapo, kwa kweli, hakuna mshonaji aliyewahi kumfikia.

Leo ndiyo siku yenyewe. Kitambaa cha mkewe kilikuwa mapajani mwake, chini yake ametandika gazeti safi. Mkasi ulikuwa mkononi. Uzi wa kwanza ameuinua kwa ncha ya sindano, na ameuinua hivyo hivyo tangu alipoketi.

— Umeshakata? Wembe akauliza, anatoka na taulo begani.

— Bado.

— Mteja nimemnyoa, nimemchonga, nimempaka spiriti, kaondoka. Wewe uzi mmoja tu.

— Zile nywele unazokata wewe zinaota tena, Spana akasema. Uzi hauoti.

— Hoja imepokelewa, Hakimu akasema. Hata hivyo mimi bado nina neno.

Soli aliposikia hivyo aliongeza makaa.

— Wahenga katika kifungu chao wametamka, Hakimu akaendelea: usipoziba ufa utajenga ukuta. Huyu mwenzetu ukuta anao, mzima, mweupe, halafu anatafuta mahali pa kuutia ufa. Hilo ni kosa au siyo kosa?

— Siyo ufa, ni dirisha, Spana akasema.

— Dirisha kwenye meza, linamtazama nani?

— Linatazama makombo, Soli akadakia. Nimelifikiria sana wakati nagonga visigino. Watu wakila, makombo yanatumbukia kwenye yale matundu, yanaingia chini. Wageni wakiinuka, kitambaa ni safi. Mwenye nyumba anasifiwa kwa usafi na wala hajafuta kitu.

— Na huko chini?

— Kuna mgeni gani anayefunua kitambaa cha watu?

Wembe alitikisa kichwa kwa huruma, kama anavyowatikisia wateja wanaotaka kunyolewa kama vijana.

— Soli, ungekuwa unajua ungenyamaza. Mtu wa kwanza kushona hivi, kitambaa chake kilitafunwa na panya. Tundu moja, pembeni. Wageni wapo mlangoni. Atafanyaje? Akatoboa pembe zote zifanane. Wageni kuingia, wakauliza, mwenzetu umejifunza wapi haya? Siku hiyo hiyo akawa mwalimu. Hata mimi nikimkwangua mteja upande mmoja kwa bahati mbaya, namkwangua na wa pili, namwambia ndiyo staili iliyoingia.

— Kumbe, Soli akasema, na mkono wake ukapanda wenyewe mpaka juu ya sikio.

— Wewe ilikuwa staili kweli.

— Na kuna ile nyingine, Spana akasema, kwa sababu alipenda kueleza jambo alilojifunza karibuni. Kuna ya kuchomoa na kuna ya kukaza. Ya kukaza huchomoi kitu. Unaufunga uzi na jirani yake, unavuta, mpaka katikati panabaki uwazi. Kitambaa kinabaki na nyuzi zake zote, ila zimesogezana.

— Ya kuchomoa ndiyo yenye kesi, Hakimu akasema. Kule mahakamani nimesikia mengi, na hili naliweka wazi leo. Kitambaa kinauzwa kwa urefu. Hakuna anayekiweka kwenye mizani. Mwerevu anachomoa uzi hapa, anachomoa pale, urefu uko pale pale. Nyuzi anazipeleka kwenye mtambo, anafuma kitambaa kingine. Nacho anakichomoa. Haba na haba hujaza kibaba. Mwisho wake, mabwana, nusu ya nguo zinazopita mtaani hapa zimefumwa kwa nyuzi zilizoibwa kwenye nusu nyingine.

Soli alilitazama shati lake.

— Kwa hiyo mimi nimevaa mali ya wizi?

— Umevaa kielelezo. Usilifue mpaka nikuambie.

Spana alicheka kidogo, na ncha ya sindano ikatetemeka chini ya uzi. Hakuja kijiweni kutafuta ushauri. Alijua ushauri wa hapa haujawahi kuwasha hata taa ya baiskeli. Alikuja kwa sababu penye makelele hofu yake ilipungua. Alikuwa anaogopa. Injini ya lori ameifungua mara nyingi, akaitawanya chini na kuirudisha, lakini kila kipande cha injini kina mwenzake dukani. Kitambaa hiki kilikuwa kimoja. Akikosea uzi huu, kazi ya mwisho ya mkono wa mkewe ingeharibika, na yeye ndiye angekuwa ameiharibu.

— Mimi nabadilisha msimamo, Wembe akasema. Habari ya panya naifuta. Nimekaa nikatazama hayo mafungu. Hayo ni maandishi.

— Yapi?

— Hayo. Zamani mtu anataka kumsema mumewe na mume yupo pale pale mezani. Atasemaje? Anashona. Fungu nene maana yake hili, fungu jembamba maana yake lile. Shoga zake wakija kunywa chai wanapitisha kidole tu kwenye pindo, wanaguna. Mume anaongeza sukari, hajui kwamba amesomwa mpaka mwisho.

— Hilo, Hakimu akasema polepole, lina mashiko.

— Hebu tusome shemeji kaandika nini.

— Nawa mikono kwanza, Spana akasema.

Wembe akaenda kunawa kwa sabuni ya dukani kwake, akarudi ameinua mikono juu kama daktari. Wakati huo alifika mama mmoja, mtu wa makamo, kiatu kimoja amekivaa na kingine amekibeba, soli imeachama. Akaamkia, wakamwitikia. Soli akamsukumia kigoda na kumtandikia kipande cha boksi chini ya mguu mtupu, akakipokea kiatu. Mama akaketi, akatulia kama watu wanavyotulia kwa fundi, anasikiliza kwa kuwa hakuna pa kutazama.

Wembe alipitisha kidole kwenye upande wa kwanza.

— Mafungu yote sawasawa. Soma, Hakimu.

— Mume wangu anakoroma.

— Upande wa pili?

— Bado anakoroma.

— Wa tatu?

Soli alikuwa ameinama na Hakimu kutazama, gundi mkononi, na Soli ni mtu wa sindano, hata kama sindano yake ni ya ngozi.

— Hapa pamebadilika, Soli akasema.

— Wapi?

— Hapa kuelekea kona. Tazama. Fungu hili nene, hili jembamba, hili limeinama. Hapa uzi umelegea. Halafu hapa umekazwa sana, kama mtu aliyekasirika. Huyu mkono wake ulikuwa unakataa.

Spana akakisogeza kitambaa kwenye mwanga. Kitambaa hiki alikuwa akikishusha kwa siri na kukitazama kila siku, lakini alikitazama kifundi, akitafuta jinsi kinavyofungwa, na macho yake yalikaa kwenye ule upande wa kwanza ulionyooka. Sasa aliona. Mafungu ya mwisho yalikuwa yanayumba, na yalishonwa kabla ya ile asubuhi aliyomkuta ameketi chini jikoni. Mkono ulikuwa umeshaanza kumkimbia, naye akanyamaza, akashona hivyo hivyo mpaka kwenye kona. Wakati huo Spana alikuwa ameketi mbele yake, upande wa pili wa meza ile ile, anasikiliza redio.

— Sasa hapo, Wembe akasema kwa sauti ya chini, kabla ya kukata upande wa nne, fumua haya mabaya. Rudia yanyooke. Mwenyewe angeona aibu.

— Napinga, Hakimu akasema. Kielelezo hakiguswi. Hiyo ni sahihi yake.

— Sahihi imepinda.

— Sahihi zote zimepinda. Ndiyo maana haziigiki.

— Mimi nasema mengine, Soli akasema, anapaka gundi. Tatizo ni huo wa nne. Ukiushona vizuri kuliko huu wa tatu, umemdhalilisha mwenye kazi. Ukiushona vibaya, umemharibia.

— Kwa hiyo niushone vipi?

— Vibaya, lakini kwa adabu.

— Kidole kimoja hakivunji chawa, Hakimu akaongeza, na hakuna aliyejua anamwambia nani.

— Au basi, Wembe akasema, meza ielekezwe upande ule wa tatu uguse ukuta. Nani atauona?

— Yeye atauona, Spana akasema.

— Ukiwa ukutani?

— Yeye atauona.

— Basi mimi natoa hukumu ya kati, Hakimu akasema, akajiweka sawa kwenye benchi. Upande wa nne usishonwe wala wa tatu usifumuliwe. Tutafute seremala, achonge meza ya pande tatu. Kitambaa kikitandikwa, ule mtupu unakunjwa chini, haupo. Kesi imekwisha, kila mtu aende nyumbani.

— Na sisi wanne tukialikwa kula tutakaaje kwenye pande tatu?

— Wewe utasimama, Wembe. Kazi yako umeizoea ya kusimama.

Yule mama alikuwa akiwatazama mmoja mmoja kadiri walivyosema. Akakohoa kidogo.

— Samahani, wazee wangu. Mwenyewe amesemaje?

— Mwenyewe nani? Wembe akauliza.

— Mwenye kitambaa.

Soli aliacha kukandamiza soli. Wembe alimtazama Hakimu, maana maswali ya namna hiyo ni ya idara yake, na Hakimu akainama kufunga kamba ya kiatu. Ndani ya duka la kinyozi redio ilikuwa inasoma matangazo ya vifo.

— Hajui, mama, Wembe akasema hatimaye. Tunataka kumshtukiza. Anaumwa.

— Poleni sana. Hawezi kusema?

— Anasema, Spana akajibu. Anasema kuliko sisi wote hapa.

Mama akaitikia kwa kichwa. Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama mtu anayeuliza saa, na sasa alikuwa anakiangalia kiatu chake. Soli akagonga mara ya mwisho, akakikunja kuona kama kinashika, akampa. Mama akakivaa, akakanyaga chini mara mbili, akashukuru, akawatakia wazee jioni njema, akaenda zake.

Kahawa ilimiminwa. Spana hakuishika yake. Alikuwa anahesabu kimoyomoyo maneno yote aliyomuuliza mkewe tangu aumwe. Umekula. Umemeza dawa. Nikufunike. Nikuinue. Kila siku alimuuliza, na kila siku mkewe alimjibu, mara kwa upole, mara kwa kumwambia yeye siyo mtoto. Kuhusu kitambaa hakumuuliza hata mara moja. Alikipandisha juu ya kabati akijiambia kwamba anamwondolea maumivu. Kumbe aliyekuwa hawezi kukitaja mbele ya mkewe ni yeye. Wala mkewe hakukiulizia. Spana alidhani amekisahau, na sasa alijua kwamba hakuna mtu anayesahau kitu cha namna hiyo.

— Usimsikilize sana yule, Wembe akasema. Hajui habari yote.

— Anaijua.

— Kata, Spana. Umejifunza miezi yote hii. Ukingoja wiki ijayo utakata vibaya, kwa kufikiri mno.

Spana akaichomoa sindano chini ya uzi, na uzi ukarudi mahali pake, ukalala na wenzake, usiutambue tena ni upi. Akakikunja kitambaa, akakifunga kwa gazeti.

— Unakwenda wapi? Soli akauliza.

— Kumuuliza.

— Na akisema ufumue? Wembe akasema.

— Nitafumua.

— Na akisema usiguse? Hakimu akauliza, safari hii kwa sauti yake ya nyumbani. Kiishie hapo kilipoishia?

Hilo Spana hakuwa amelifikiria. Alisimama na kifurushi mkononi, akayafikiria yale mashuka yote aliyoyachana, ile mistari aliyoirudia mpaka ikanyooka, ule upande wa nne ambao kichwani mwake ulikuwa umeshamalizika siku nyingi, na jinsi alivyopanga kukitandika kitambaa mezani na kusimama pembeni kumwangalia uso. Ilimuuma kuyaacha.

— Basi kitaishia hapo, akasema.

Akampa Soli mkasi amtunzie. Wakamwangalia akikata kona, na kwa mara ya kwanza kwa muda mrefu kijiwe kikanywa kahawa bila mtu kuwa na nadharia. Nyumbani hapakuwa mbali. Njia nzima Spana alitafuta neno la kuanzia, na mpaka anashika kitasa cha mlango, akimsikia mkewe ndani akiuliza ni nani, alikuwa bado hajalipata.